Ufa wa Mguu wa Kushoto

Umeme ulirudi saa mbili usiku, Katuba yote ikapiga makofi.
Nikachomeka simu ya mteja, nione kama moyo wake bado wadunda.
Ikawaka. Na kitu cha kwanza ilichonionyesha
kilikuwa mto wetu.

Musamo, mto wa mti, wa kulazia shingo:
wasichana wawili wamekaa ana kwa ana, miguu imepishana,
vichwani wamebeba ubao uliopinda kama mwezi mchanga.
Paris, ilisema habari. Nyundo imegonga.
Yuro milioni moja na laki nane,
bei ambayo hakuna mto uliowahi kuifikia.
Watu ukumbini walisimama, wakapiga makofi,
kama Katuba kwa umeme.

Mama, njoo. Acha bukari kwanza.
Akaja na mwiko mkononi, akainama,
unga ukadondoka kwenye kioo cha simu ya watu.

"Fundi hajulikani," nikamsomea.
Mama akacheka kwa puani. Hajulikani na nani?
Banza Kitwa, yule wa mkono wa kushoto,
aliyekuwa na deni la mbuzi kwa babu yangu.
Alileta mto badala ya mbuzi,
na hadi anazikwa watu walimdai mbuzi.

"Weusi wake unang'aa kwa matumizi ya miaka mingi,
jambo linaloupandisha thamani."
Hayo ni mawese ya nywele za Nkambo Numbi.
Na jasho la homa.
Na usiku ule walipomleta baba kutoka shimoni
amefunikwa turubai, Nkambo hakulala,
alilaza shingo tu, macho wazi, mpaka king'ora cha asubuhi.
Hilo nalo wamelihesabu?

Sikujua. Haikuandikwa.

"Ufa katika mguu wa kushoto, huenda ni wa tambiko."
Hapo mama aliketi juu ya ndoo.
Tambiko! Ni mimi na mjomba wako Monga,
tunagombea hindi la kuchoma,
mto ukaanguka kwenye saruji: ka!
Nkambo akatuchapa wote wawili,
aliyeuangusha na aliyeshiba.

Kisha ukaja mwaka mshahara ulipochelewa miezi minne.
Bwana Pavlidis alifika na gari la rangi ya maziwa,
akaupindua mto, akaunusa
kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini,
akasema: mbao kuukuu.
Magunia mawili ya unga. Moja lilikuwa na fukusi.
Nkambo alichekecha siku nzima, hakutukana,
fukusi wakamtembelea mikononi.

Tangu hapo alilalia kitenge kilichokunjwa mara nne.
Shingo ikakaza. Ili amsalimu jirani
aligeuza mwili mzima, kama mlango.
Na ndoto zikakoma. Alisema zimebaki kule,
zinamngoja alaze kichwa.

Nani anaulalia sasa? mama akauliza.
Hakuna, mama. Umewekwa ndani ya kioo, una taa yake.
Taa ya nini, na hausomi?

Simu hii naitengeneza kwa faranga elfu tano.
Mwenyewe kesho atataka elfu tatu,
atasema kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Hiyo milioni, mama akasema, ni magunia mangapi?
Nikapiga hesabu kwa bei ya sokoni,
ya leo, si ya jana.
Yanapita laki moja.

Akanyamaza. Akakitazama chumba:
kitanda, mitungi, baiskeli ya Monga isiyo na mnyororo,
bati linalovuja upande wa mlango.
Tungeyaweka wapi, akasema,
na mvua ndiyo hiyo inakuja.

Harufu ikatufikia wote wawili kwa pamoja.
Bukari ilikuwa imeshika chini.